Miezi Minne ya Kugombana na Feni

Kelele za feni za laptopu yangu nilikuwa nimezizoea, kama mtu anayelala kando ya barabara kuu. Kilichonizindua ni aibu. Usiku mmoja tulikuwa wanne kwenye timu ya gemu, kila mmoja kwake, tunasubiri raundi ianze, mwenzetu mmoja akauliza kwenye maiki: "Kaka, hapo ulipo kuna mashine ya kusaga?" Wengine wakaangua kicheko. Nikazima maiki, na tangu siku hiyo nikawa naiwasha pale tu nilipotaka kusema neno, kisha naizima upesi kabla feni hazijasikika.

Shika hapo: tulikuwa tunasubiri raundi ianze. Hakuna bomu lililokuwa likilipuka wala ukuta uliokuwa ukibomoka. Kwenye skrini kulikuwa na menyu tu, mhusika amesimama, joho lake linapepea kidogo, na kitufe cha kubonyeza ukiwa tayari. Na feni zilikuwa zimefika juu kabisa. Nilipaswa kushtuka papo hapo. Sikushtuka. Nilizunguka miezi minne kabla ya kurudi kwenye menyu ile, na katika mzunguko huo nilifanya karibu kila kosa ambalo mtu anaweza kuifanyia kompyuta inayopiga kelele.

La kwanza lilikuwa kuinyamazisha kwa nguvu. Laptopu yangu ilikuja na programu ya kudhibiti feni, yenye mstari unaopanda kutoka kushoto kwenda kulia: joto likiwa hivi, feni zizunguke hivi. Nikaukamata ule mstari nikaulaza chini, feni zisivuke mizunguko 3,000 kwa dakika hata kukiwaka moto. Kwa dakika tano nilijiona fundi. Dakika ya sita gemu ikaanza kukwamakwama: fremu, yaani picha zinazochorwa kwenye skrini, zikaanguka kutoka 110 kwa sekunde hadi 40, zikapanda, zikaanguka tena, kama gari lililotiwa petroli yenye maji.

Prosesa, ubongo wa kompyuta, ina kikomo chake cha joto. Nyingi za Intel kikomo hicho ni nyuzi 100 za Selsiasi au karibu na hapo. Prosesa za Ryzen za AMD, mfululizo wa 7000, za kompyuta za mezani nyingi zinaruhusiwa kufika 95. Ikigusa kikomo, prosesa haiombi ruhusa ya mtu. Inajipunguzia kasi yenyewe mpaka joto lishuke, kisha inajaribu kupanda tena, inagusa tena, inarudi tena. Huko kupanda na kushuka ndiko nilikokuona kwenye skrini. Kelele niliyoiondoa masikioni nikailipa kwenye fremu. Mjumbe hauawi, wanasema. Mimi sikumwua, nilimziba mdomo tu, na habari aliyoileta ikabaki pale pale.

Kosa la pili lilikuwa kununua kabla ya kupima. Nilinunua stendi ya kupozea, ile yenye feni zake chini na taa za buluu. Joto likashuka nyuzi 4 na kelele zikaongezeka, jambo ambalo halina ajabu: vyanzo viwili vya sauti vyenye nguvu sawa vikiwekwa pamoja, jumla hupanda desibeli 3, na feni za bei rahisi hazina adabu hata zikiwa pekee. Siku moja waya wa stendi ulichomoka bila mimi kujua. Nikacheza saa nzima, na nilipoangalia, joto lilikuwa limepanda nyuzi 1 tu. Maana yake, katika zile nyuzi 4, feni za stendi zilichangia moja. Tatu zilizobaki zilitokana na laptopu kunyanyuliwa kutoka mezani. Stendi nikaiweka kabatini, nikaweka vitabu viwili chini ya ukingo wa nyuma, matokeo yakawa yale yale. Laptopu nyingi huvuta hewa kwa tumbo. Ukiiweka juu ya godoro au blanketi umeiziba pua. Ukiinyanyua sentimita 2 au 3, inapumua.

Wati haziendi popote

Hapa nisimamishe hadithi kidogo, maana jambo hili ndilo lililonigeuza kichwa.

Kompyuta haisukumi mkokoteni wala haipandishi maji kwenye tangi. Umeme unaoingia kwenye prosesa na kwenye kadi ya michoro, ile inayochora picha za skrini, karibu wote hutoka ukiwa joto. Prosesa ikila wati 60 na kadi ikala wati 90, una wati 150 za joto ndani ya kijisanduku chenye unene wa vidole viwili. Kadi kubwa za kompyuta za mezani ni habari nyingine: RTX 4090 ya NVIDIA peke yake imepangiwa hadi wati 450. Joto hilo lazima litoke, na wa kulibeba ni hewa. Kwa hiyo mtu anayeuliza kwa nini feni inapiga kelele anauliza maswali mawili kwa pamoja: nani anayezalisha joto hili lote, na njia ya kulitoa imeziba wapi? Kwa wiki nyingi mimi nilikuwa sijauliza hata moja.

Halafu kuna hesabu ya feni yenyewe, na hii ningependa ningeijua mapema. Ukiizungusha feni mara mbili ya kasi yake, hewa inaongezeka mara mbili tu, lakini nguvu inayotakiwa kuizungusha inaongezeka mara nane, na kelele zinapanda takriban desibeli 15. Sikio la binadamu huliona ongezeko la desibeli 10 kama sauti iliyokua mara mbili. Sasa geuza hesabu. Ukiishusha feni kutoka mizunguko 5,400 hadi 3,600 kwa dakika, unapoteza theluthi moja ya hewa, ila kelele zinashuka karibu desibeli 9, yaani masikioni ni kama zimekatwa nusu. Ile theluthi ya juu ya mwendo wa feni ndiyo inayokera watu, na ndiyo inayoleta hewa kidogo kuliko makelele yake. Nikajiwekea lengo dogo: feni zifanye kazi kadiri zinavyotaka, mradi zisihitaji kufika kule juu.

Baada ya hapo nikafanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya siku ya kwanza. Nikasikiliza.

Nilichukua karatasi ngumu nikaiviringisha kuwa bomba, ncha moja sikioni, ncha nyingine nikaitembeza polepole juu ya kibodi na pembezoni mwa laptopu, gemu ikiwa inaendelea. Ukifanya hivyo unagundua kwamba "kelele za feni" ni jina la jumla tu. Kuna sauti ya upepo, shhh pana isiyo na mkwaruzo. Hiyo ni hewa inapita kwa kasi, na inasema joto ni kubwa. Kuna sauti ya kugonga, tik-tik-tik inayoongezeka kasi pamoja na feni. Mara nyingi ni waya au kipande cha uchafu kinachoguswa na mapanga. Kuna mngurumo mzito unaosikika hata feni ikiwa polepole, hasa mashine inapowashwa ikiwa ya baridi, na unaobadilika ukiilaza mashine upande. Hiyo ni beringi iliyochoka. Na kuna mlio mwembamba kama wa mbu, unaobadilika picha inapobadilika, hata kama feni haijabadili mwendo. Huo hautoki kwenye feni kabisa. Unatoka kwenye koili za umeme za kadi ya michoro, zinazotetemeka mkondo unapopita.

Kushoto nilisikia shhh safi. Kulia nilisikia shhh na chini yake krr, krr, krr. Nikainamisha laptopu upande mmoja, krr ikapotea. Nikairudisha sawa, ikarudi. Nikaandika kwenye karatasi: *beringi, feni ya kulia*. Mlio wa mbu sikuusikia, nikaandika kwamba koili hazina shida. Msomaji azingatie mstari huo.

Niliposhika bomba lile nilianza pia kuelewa kwa nini kelele za laptopu zinachosha kuliko za pangaboi la darini, hata kama pangaboi linasukuma hewa nyingi zaidi. Kila feni ina mlio unaotokana na mapanga yake: chukua idadi ya mapanga, zidisha kwa mizunguko kwa sekunde. Feni zangu, nilipokuja kuzitoa, zilikuwa na mapanga 37 kila moja. Kwa mizunguko 5,000 kwa dakika, hayo ni mapigo karibu 3,080 kwa sekunde, na sikio letu ni kali kuliko kwingine kote kati ya 2,000 na 5,000. Yaani feni inakupigia filimbi mahali unaposikia vizuri zaidi. Juni 2012, Apple ilipoonyesha MacBook Pro ya skrini ya Retina, ilijisifu kwamba mapanga ya feni zake yamepangwa kwa nafasi zisizolingana. Ujanja huo haupunguzi joto hata chembe. Unachofanya ni kuutawanya mlio usikusanyike kwenye noti moja. Nimependa wazo hilo. Ni la mtu aliyekaa akasikiliza.

Nikaanza pia kupima. Kuna programu za bure kama HWiNFO zinazoandika joto, wati na kasi ya feni kila sekunde chache, na zinakupa faili unaloweza kulisoma baadaye. Nilicheza nusu saa, sehemu ile ile ya gemu, saa ile ile ya usiku. Saa ina maana: chumba kikipanda nyuzi 5, prosesa nayo hupanda karibu 5, kwa hiyo ukipima mchana wa jua na ukarudia alfajiri unajidanganya. Matokeo ya kwanza: prosesa nyuzi 97, kadi ya michoro 86, feni zote mbili 5,400. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo, ina alama ya kikombe.

Kufungua

Nilikuwa naogopa kufungua laptopu kwa sababu moja tu, skrubu. Zinafanana kwa macho lakini urefu wake haulingani, na ukiirudisha ndefu penye fupi unaweza kutoboa kitu. Nilichora umbo la laptopu kwenye karatasi, nikawa natoboa karatasi kwa kila skrubu mahali pake. Zima mashine, chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini, kisha jambo la kwanza kabla ya kugusa chochote, chomoa plagi ya betri kutoka kwenye bodi.

Mfuniko ulipotoka, nilitarajia kuona vumbi kila mahali. Kulikuwa na kidogo tu. Mapanga ya feni yalikuwa na utando wa kijivu, bodi ilikuwa karibu safi. Nikasikitika, nikadhani nimefungua bure. Kisha nikafungua kifuniko cha feni ya kushoto, chenye skrubu tatu ndogo kama punje za mtama, nikatazama mahali ambapo feni inapuliza kwenye mapezi ya kupozea. Mapezi yale ni vibati vyembamba vya shaba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu, na kati ya kurasa hizo hapapiti hata kucha. Sikuyaona. Kati ya feni na mapezi kulikuwa na blanketi. Vumbi, nywele na nyuzi za nguo zilikuwa zimeshikana zikawa kitambaa kimoja, unene wake kama sufi ya kofia. Nilikishika kwa kibano kikatoka kizima, kina umbo la mstatili lililolingana kabisa na mlango wa hewa. Ukikiinua kwenye taa hakipitishi mwanga.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kupuliza hewa kwa nje, kama nilivyokuwa nimefanya mara mbili, hakukusaidia. Ukipuliza kupitia matundu ya nje unalisukuma blanketi nyuma kidogo. Feni ikiwaka inalirudisha mlangoni. Linatolewa kwa mkono. Na unapopuliza kwa kopo la hewa, shika mapanga kwa kidole yasizunguke. Feni inayozungushwa na hewa kupita kasi yake inaumia beringi, na inaweza kugeuka jenereta ndogo ikarudisha umeme kwenye bodi. Brashi laini ya rangi ilimaliza kazi iliyobaki.

Kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua, nikabadilisha na pesti. Kati ya prosesa na bamba la shaba linaloikalia kuna tabaka jembamba la pesti inayopitisha joto. Kazi yake ni kujaza vijibonde visivyoonekana ambavyo vingejaa hewa, na hewa ni kondakta mbovu sana wa joto. Miaka ikipita, joto la kupanda na kushuka huisukuma pesti pembeni na iliyobaki inakauka. Yangu ilibanduka kama rangi ya ukuta mkavu. Bamba hilo hufungwa kwa skrubu zenye namba, 1 hadi 7 kwenye mashine yangu, na zinafunguliwa na kufungwa kwa kufuata namba, kidogo kidogo, ili bamba lisikae upande. Nilifuta pesti ya zamani kwa spiriti ya isopropili, nikapaka mpya kwa safu nyembamba iliyofunika uso wote wa prosesa. Tahadhari moja: baadhi ya laptopu za gemu hutoka kiwandani na metali ya majimaji badala ya pesti. Inang'aa kama zebaki na inapitisha umeme. Tone likianguka kwenye bodi umeua mashine. Ukiiona, funga, mpelekee fundi aliyewahi kuishughulikia.

Nilipokuwa nikifuta nilitazama mirija ya shaba inayotoka kwenye bamba kwenda kwenye mapezi. Nilidhani ni shaba tupu. Kumbe ndani kuna maji kidogo sana kwenye ombwe. Maji yanachemka upande wa prosesa, mvuke unakimbilia upande wa mapezi, unapoa, unakuwa maji, unarudi kupitia kuta zenye vinyweleo. Hakuna pampu. George Grover na wenzake wa maabara ya Los Alamos, Marekani, walikitengeneza kifaa hiki mwaka 1963 wakifikiria vyombo vya anga za juu. Sasa kiko mapajani kwangu kikihangaikia joho la mhusika wa gemu.

Nikafunga, nikapima tena. Prosesa 84, kadi 76, feni 4,700. Nilifurahi kama siku mbili.

Menyu

Siku ya tatu, tukiwa tunasubiri raundi, feni zikapanda hadi 5,200.

Kwenye mapigano 4,700, kwenye menyu 5,200. Mashine safi, pesti mpya, na bado kusimama bila kufanya kitu kunachemsha kuliko vita. Nikawasha kihesabu cha fremu kwenye kona ya skrini. Kikaandika 612.

Skrini yangu hubadilisha picha mara 144 kwa sekunde, basi. Kadi ya michoro ilikuwa inachora picha 612 kila sekunde za mtu aliyesimama, na karibu 470 kati ya hizo zilikuwa za kutupwa. Kwenye mapigano kuna moshi, vivuli na maadui, kila fremu ina kazi, na prosesa nayo inaichelewesha kadi kidogo. Kwenye menyu hakuna cha kuizuia. Hakuna aliyeiambia "inatosha", kwa hiyo inachora kwa nguvu zake zote mpaka iambiwe. Joto langu lilikuwa linazalishwa na kazi ambayo hakuna jicho lililowahi kuiona.

Si jambo geni. Gemu ya StarCraft II ilipotoka Julai 2010, watengenezaji wake, Blizzard, walikiri kwamba baadhi ya skrini zake nyepesi zinaifanya kompyuta ichore kwa kasi yake yote, na kwamba mashine isiyo na upozaji wa kutosha inaweza kuchemka. Wakawaelekeza wachezaji waongeze mistari miwili kwenye faili la mipangilio: kikomo cha fremu 60 kwenye mchezo na 30 kwenye menyu. Miaka 11 baadaye, Julai 2021, wakati wa majaribio ya New World, gemu ya Amazon, baadhi ya watu waliopoteza kadi za RTX 3090 walisema zilikufa wakiwa kwenye menyu. Amazon ikaongeza kikomo cha fremu hapo. Mtengenezaji wa kadi zilizotajwa sana alikuja kueleza kwamba kosa lilikuwa ulehemu mbaya kwenye kadi chache, na mimi naona hilo ni haki kusemwa: kadi nzima haifi kwa sababu ya menyu. Ila menyu isiyo na kikomo inaitafuta kadi mbovu popote ilipo.

Kikomo cha fremu kiko sehemu mbili tatu. Gemu nyingi zina chake kwenye mipangilio ya picha, na zingine zina cha menyu peke yake. Kama gemu yako haina, draiva ya kadi, yaani programu inayoiendesha, inacho. NVIDIA waliongeza chao Januari 2020, na AMD wanacho pia. Nilikaa jioni nzima nikijaribu namba moja baada ya nyingine sehemu ile ile ya gemu, nikiandika wati za kadi. Kwa fremu 144 ilikula wati 88. Kwa 120, wati 79. Kwa 90, wati 58. Kwa 60, wati 41. Nikatazama 120 na 90 kwa dakika kumi kila moja, nikamwomba mdogo wangu abadilishe bila kuniambia, nikakisia. Nilikosea mara nyingi kuliko nilivyopata. Nikachagua 90 kwenye mchezo na 60 kwenye menyu. Wachezaji wa mashindano watanigombeza, kwamba fremu nyingi hupunguza kuchelewa kwa kipanya, na ni kweli hupunguza. Mimi si mchezaji wa mashindano. Hata wenzangu watatu watakuambia.

Feni zikatua kwenye 3,600 na kukaa hapo. Kwenye menyu, 2,900.

Prosesa nayo niliibana kidogo. Prosesa za sasa zikipata nafasi hujirusha juu ya kasi yao ya kawaida, na asilimia chache za mwisho za kasi hiyo ndizo ghali kuliko zote, kwa sababu zinadai volteji zaidi na matumizi ya umeme hukua kwa mraba wa volteji. Ukipunguza volteji kwa asilimia 10 na kasi ikabaki ile ile, umeme unapungua karibu asilimia 19. Kwenye laptopu nyingi za Intel huwezi tena kuigusa volteji ya prosesa: Desemba 2019 watafiti walitangaza udhaifu walioupa jina Plundervolt, uliotumia mlango huo huo kuvunja ulinzi wa prosesa, na watengenezaji wakaufunga. Yangu imefungwa. Nikatumia njia ya kizamani ya Windows, kwenye mipangilio ya umeme, hali ya juu ya prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Inaonekana kama mzaha, lakini kwenye mashine nyingi hiyo asilimia moja inazima kule kujirusha kote. Joto la prosesa likashuka kutoka 84 hadi 71, na fremu zangu 90 hazikutikisika.

Nilipomaliza yangu nikawa mtaalamu wa marafiki, kama ilivyo ada. Mmoja ana kompyuta ya mezani, akasema ya kwake inavuma hata akifungua barua pepe. Tukafungua ubavu wa boksi, joto la kadi likashuka nyuzi 11 papo hapo. Hicho ndicho kipimo rahisi kuliko vyote: ukiondoa ubavu na joto likaanguka hivyo, feni za kadi hazina kosa, boksi halipati hewa. Feni ya mbele ilikuwa imefungwa kinyume. Hiyo na feni ya nyuma zote zilikuwa zinatoa hewa, hakuna inayoingiza. Hewa hutokea upande wenye ule msalaba wa plastiki unaoshika mota; ukishajua hilo hutakosea tena. Tukaigeuza. Kisha kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta kabla Windows haijawaka, tukaiambia feni ya prosesa isubiri sekunde chache kabla ya kupanda, maana ilikuwa inaruka kila prosesa ilipopiga chafya. Alikuwa amepanga kununua kadi mpya.

Ilibaki ile krr ya kulia. Nilijaribu tone la mafuta mepesi ya mashine kwenye mhimili. Ilinyamaza wiki mbili ikarudi na hasira zaidi. Beringi iliyokwisha imekwisha. Nikaagiza feni yenyewe kwa namba iliyoandikwa kwenye kibandiko chake, siyo kwa jina la laptopu, kwa sababu modeli moja inaweza kuwa na feni za aina mbili zenye plagi tofauti. Ilifika, nikachora tena karatasi ya skrubu, nikaifunga kwa dakika ishirini.

Usiku ule nilikaa kucheza na maiki ikiwa wazi. Hakuna aliyesema kitu. Tulikuwa kwenye menyu, joho linapepea, feni zote mbili zinapumua chini kabisa, na kutoka mahali fulani chini ya kibodi, upande wa kadi, nikasikia mlio mwembamba kama wa mbu. Nikabadilisha kikomo cha menyu kutoka 60 hadi 75. Mlio ukapanda noti. Nikairudisha 60, ukashuka. Nikatafuta ile karatasi yenye alama ya kikombe, nikafuta mstari wa koili.